Majina Yaliyolala Upande

Chumba cha kukatia,
tarehe 4 Machi

Mdogo wangu,

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Namba yako naijua kwa moyo, lakini maneno ya simu hayana shahidi, na barua pepe za hapa kazini sijui zinasomwa na wangapi. Nakuandikia kwa mkono, nawe unijibu kwa mkono. Na usome mpaka mwisho, maana naijua tabia yako ya kusoma mistari mitatu ukajifanya umeelewa.

Jana ilikuwa siku ya kujaribisha zile suti za chuo. Suti thelathini na moja, kitambaa kimoja cha kijivu, kuanzia Mkuu wa chuo mpaka wapishi, wazivae siku ya kufungua jengo jipya. Nimezikata zote mimi, kwa vipimo vilivyo kwenye mfumo wako wa kompyuta. Ishirini na sita ziliwakaa wenyewe kama wamezaliwa nazo. Dereva alijigeuza mbele ya kioo mpaka tukamwambia inatosha, kioo kina foleni.

Tano zilikuwa balaa. Mkuu, ambaye ni mtu wa mwili, alipofunga koti kifungo kilichomoka kikampiga Makamu wake shavuni. Makamu naye hakuwa na pa kucheka, ule urefu wake wote na mikono ya koti imemwishia karibu na viwiko. Profesa, kimo chake unakijua, alizama kwenye suruali wanayoweza kuingia wawili. Daktari alibanwa hata kukaa hakuweza. Mhandisi alikuwa anapwaya.

Umewaona hao watano? Wote wenye vyeo. Hakuna mpishi hata mmoja, hakuna mfagizi. Msimamizi wa kiwanda naye aliliona hilo. Alizikusanya suti tano, akazifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Kisha akaniuliza mbele ya washonaji wote kama nina kinyongo na Mkuu. Kinyongo cha nini? Siku ya kupimwa nilipita pale nikamwambia asivute tumbo ndani, maana koti halitamsaidia kulivuta. Watu wakacheka, naye akacheka. Au nilidhani amecheka.

Hapa pana mkono wa mtu. Nikisoma themanini na nne nakata themanini na nne. Miaka kumi na tisa sijawahi kuharibu nguo ya mtu kwa zaidi ya upana wa kidole. Niambie kweli: mtu anaweza kuingia kwenye mfumo wako akabadili namba, halafu akazirudisha kama zilivyokuwa? Mpimaji, yule binti anayeandika vipimo kwenye tableti, tangu nimsahihishe namna ya kushika tepu hanisalimii.

Kazi hiyo ya mfumo mimi ndiye niliyekuombea. Nilimwambia Msimamizi, mdogo wangu ni mtaalamu, hamtajuta. Sasa usiniache niumbuke.

Mama hajambo, anauliza unakula nini huko.

Dada yako,
Mkataji


Nyumbani kwangu,
tarehe 8 Machi

Dada,

Nimesoma mpaka mwisho, mara mbili. Pole sana. Mwambie Mama nakula.

Nimeangalia kumbukumbu za mfumo. Kila namba inapoguswa, mfumo unaandika imeguswa na nani na saa ngapi. Vipimo vya wale watano viliingizwa mara moja tu na Mpimaji, havijaguswa tena mpaka leo. Mwache binti wa watu. Na namba zenyewe zina akili: Mkuu kiuno mia na kumi na nane, Makamu sabini na sita. Ni miili yao.

Sasa kama namba ni sahihi na nguo si sahihi, kati ya namba na nguo pana nini? Sikushutumu, nauliza tu kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake. Wiki ile ulikuwa mzima? Miwani bado ni ileile uliyoifunga kwa uzi?

Mfumo wenyewe haunitii wasiwasi. Nimeujenga juu ya kiunzi kinachotumiwa na watu wengi sana, yaani mifupa ya programu iliyokwisha kuandikwa, mimi naivika nyama tu. Na kabla ya kukabidhi niliujaribu kwenye mashine zote: tableti ya Mpimaji, kompyuta ya ofisini, na yako ya chumba cha kukatia. Fomu ya makabidhiano niliitia sahihi.

Usibishane na mtu. Hili litapita.

Mdogo wako


Ofisi ya Msimamizi,
tarehe 9 Machi
SIRI

Kwa Mtaalamu wa mfumo,

Bila shaka umesikia yaliyotokea kwenye suti za chuo, kwa kuwa najua una ndugu hapa kiwandani. Nakuomba undugu uuweke pembeni.

Nina swali moja. Je, inawezekana kosa ni la mfumo? Fomu ya makabidhiano ina sahihi yako kwamba mashine zote tatu zilijaribiwa na kuonyesha kitu kilekile. Kama unasimama na sahihi hiyo, nitajua pa kuangalia. Suti zilizoharibika ni tano, na zote ni za viongozi. Bahati mbaya haichagui vyeo.

Ile barua ya sifa uliyoomba kwa ajili ya kiwanda kingine ipo mezani kwangu. Nitaiandika jambo hili likiisha.

Msimamizi


Tarehe 11 Machi

Kwa Msimamizi,

Nimekagua kumbukumbu zote. Mfumo hauna kosa. Vipimo vilivyoingizwa ndivyo vilivyomo, na hakuna aliyevibadili. Nasimama na sahihi yangu.

Kwa uzoefu wangu, mahali ambapo mfumo ni mzima na matokeo ni mabaya, kosa huwa kwa mtumiaji. Simtaji mtu.

Kuhusu barua ya sifa, nitashukuru.

Mtaalamu


Chumba cha kukatia,
tarehe 13 Machi

Mdogo wangu,

Nina swali, na nataka jibu lisilozunguka. Umemwandikia Msimamizi?

Nauliza kwa sababu jana aliingia hapa, akasimama kwenye kizingiti bila kuingia vizuri, mguu ndani mguu nje, akasema: "Mfumo hauna kosa, kosa huwa kwa mtumiaji." Msimamizi si mtu wa kusema mtumiaji. Yeye husema fundi, husema mfanyakazi, akikasirika husema nyinyi. Mtumiaji nimelisikia kwako tu. Ulipokuwa na miaka tisa ulifungua redio ya marehemu Baba, ikabaki na skrubu tatu zisizo na kwao, ukasimama hapo ukasema redio haina kosa, anayeisikiliza ndiye hajui kuisikiliza. Tulicheka siku hiyo. Jana sikucheka.

Nimeitwa kikaoni tarehe 24. Neno lililoandikwa kwenye barua ni hujuma. Nimelisoma mara nyingi nikidhani litabadilika. Nikishindwa, nafukuzwa, na hakuna chumba cha kukatia kitakachompokea mkataji aliyefukuzwa kwa hujuma. Mkasi huu ndio uliomlea mtu unayemjua. Sare yako ya kwanza ya shule niliikata kutoka kwenye sketi yangu, na hukuwahi kujua mpaka ulipoona mfuko wenye maua kwa ndani.

Siku hizi nawachunguza watu wote. Mpimaji akicheka nageuka. Mshonaji wa mifuko akinyamaza nageuka pia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kazi yangu ni nguo, kwa hiyo nina pa kutafuta pengi. Sikutaka kutafuta kwako.

Dada yako


Nyumbani kwangu,
tarehe 16 Machi

Dada,

Aliniuliza, nikamjibu kama mtaalamu. Sikukutaja. Ningemjibu nini? Kama mfumo ungekuwa na kosa ningesema.

Kwa kuwa tumefika hapa, nami niulize langu, na usinitupie mkasi. Huna hasira na wale watu hata kidogo? Nakujua. Ulimshonea mwalimu wangu mkuu suruali bila mifuko kwa sababu alinichapa. Ulisema ulisahau. Ukiniambia kweli mimi kama ndugu yako, tutatafuta maneno ya kusema kikaoni. Ukiendelea kusema hujui, sina pa kukushika.

Kama hujui kweli, basi nipigie picha kioo cha kompyuta yako, ukurasa wa vipimo vya chuo, nione unachokiona. Kitu kimoja hicho tu.

Mdogo wako


Chumba cha kukatia,
tarehe 18 Machi

Wewe,

Ile suruali ya mwalimu mkuu ilikuwa makusudi, na nilikiri mbele ya Mama siku ileile. Nikifanya jambo nasema nimefanya. Hilo ndilo lililonifanya nilie nilipokuwa nasoma barua yako, na nilikuwa nimesimama mbele ya washonaji kwa hiyo nikasema ni vumbi la kitambaa.

Picha unayoitaka sina. Simu yangu ina vitufe na tochi. Nimefikiri pia kwamba huenda ni mtego, niitume picha halafu niikute kwa Msimamizi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mimi si mwongo, kwa hiyo sina cha kuogopa. Nimefanya ninavyojua. Nimebandika karatasi ya kuchorea vielelezo vya nguo juu ya kioo, ile nyembamba inayoonyesha, nikafuatisha kila kitu kwa penseli: kila mstari, kila namba, na yale majina uliyoyalaza upande kama watu waliochoka kusubiri. Nimeikunja ndani ya bahasha hii. Ni saizi yake kamili, unaweza kupima. Nakala nyingine nimebaki nayo, maana mkataji hatoi kielelezo bila kubaki na nakala.

Nikueleze ninavyosoma, usije ukasema sijui kusoma. Safu ya kwanza haina jina. Hiyo ni ya sanamu la kujaribishia, kama kwenye daftari langu la zamani, siigusi. Inayofuata ni ya Mkuu, kisha Makamu, kisha Profesa, kisha Daktari. Inayofuata ina majina mawili, Mhandisi na Dereva, kwa sababu kipimo chao ni kimoja. Kwenye daftari nasi tulikuwa tunafanya hivyo, wawili wakilingana tunawaandika safu moja kuokoa karatasi. Nikafurahi kwamba angalau hilo umeliiga kwetu. Waliobaki kila mtu na safu yake. Nimekata hivyo hivyo.

Tafuta sasa kosa la mtumiaji.

Dada yako


Nyumbani kwangu,
tarehe 21 Machi, kwa mkono wa kondakta wa basi

Dada yangu,

Nimelipata. Nimeketi nalo tangu asubuhi na chai imepoa.

Niliitandaza karatasi yako juu ya kioo changu. Namba zilikaa juu ya namba, sawasawa, hata moja haikupishana. Majina hayakukaa. Kwangu safu ya kwanza ni ya Mkuu, na kila mtu ana yake. Sanamu sikuliweka, wala sikumuunganisha mtu na mtu. Kwako wale watano wote wamesogea safu moja kwenda kulia. Kwa hiyo ulimkatia Mkuu suti ya Makamu, Makamu ukamkatia ya Profesa, mpaka Mhandisi aliyepata ya Dereva. Hukukosea hata uzi. Kila suti ilikuwa sahihi, mwilini mwa jirani.

Nikueleze kwa vitu vyako. Majina ni marefu na safu ni nyembamba, kwa hiyo niliagiza yalazwe mshazari. Chukua utepe, ulaze mezani, mwanzo wake uguse safu yake. Ukiuchoma pini mwanzoni halafu ukauzungusha, mwanzo hautoki mahali pake. Hivyo ndivyo nilivyoagiza. Lakini kompyuta yako ni ya zamani, na kile kiunzi kiliandika agizo la pini kwa namna isiyoielewa, basi ikachoma pini yake katikati. Ukizungusha utepe uliochomwa katikati, mwanzo unasogea. Utepe mfupi unasogea kidogo, huoni. Mrefu unasogea safu nzima. Na ni nani wenye majina marefu? Wale wanaoandikwa Profesa na Daktari na Mhandisi mbele ya majina matatu. Dereva na wapishi wana jina moja moja, walisalimika.

Nimesharekebisha, dakika hii ukifungua utaona kila jina limesimama juu ya safu yake. Kwa hiyo limekwisha. Naomba tusilikuze. Kikaoni waambie tu kwamba ulichanganya safu kwa uchovu na haitatokea tena, watakusamehe, fundi wa miaka kumi na tisa hafukuzwi kwa uchovu. Kuna kiwanda kingine kinaungoja mfumo huuhuu, na wanasubiri neno la Msimamizi. Nikipata kazi hiyo nitakuja nyumbani na tutacheka.

Mdogo wako anayekupenda


Nyumbani kwa Mama,
tarehe 25 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika asubuhi ya kikao. Niliisoma nikiwa nimeshika kikombe, nikashukuru Mungu kwa sauti mpaka Mama akatoka jikoni. Ile sehemu ya kusema nilichoka niliiruka. Sikuchoka, na sitasema nilichoka.

Nilikwenda na nakala yangu ya karatasi. Walikuwa wanne mezani, Msimamizi katikati. Niliwaeleza habari ya utepe na pini kama ulivyonieleza, nikawaonyesha kwa pini zangu mwenyewe, na mzee mmoja alianza kutikisa kichwa kwamba anaelewa. Msimamizi akasema, twendeni tukaone. Tukaenda wote chumba cha kukatia. Washonaji wakasimama. Nikafungua kompyuta.

Kila jina lilikuwa juu ya safu yake.

Walitazama kioo, wakatazama karatasi yangu. Yule mzee akauliza kwa upole kama nimeichora nyumbani. Nikasema mfumo umerekebishwa juzi. Msimamizi akauliza, nani kasema? Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Niliishika humohumo mfukoni, nikafikiri juu ya kile kiwanda kingine, sikuitoa. Ndipo akasoma barua yako nyingine, ya tarehe 11. Mfumo hauna kosa. Nasimama na sahihi yangu. Simtaji mtu. Niliijua kabla hajafika mwisho.

Kisha yule mzee akaniuliza swali moja: siku ya makabidhiano, mtaalamu aliijaribu kompyuta hii? Nikasema sikumbuki.

Nimesimamishwa kazi. Mwisho wa mwezi watanipa barua ya mwisho. Nimeacha mkasi mezani, wamenifanya niutie sahihi kama silaha. Mpimaji alinifuata mpaka getini akanibebea mkoba, binti niliyekuwa namshuku kuliko wote.

Sikuandikii unijibu.

Dada yako


Tarehe 28 Machi

Kwa Msimamizi,
nakala kwa wajumbe wote wa kikao

Barua yangu ya tarehe 11 niliyosema mfumo hauna kosa ni ya uongo, ingawa siku hiyo sikujua kosa ni lipi. Nilijua kitu kingine, nacho kinatosha.

Siku ya makabidhiano sikuijaribu kompyuta ya chumba cha kukatia. Niliikuta imefunikwa, mkataji hayupo, basi langu limebakiza nusu saa. Nikajiambia mfumo uliofanya kazi kwenye mashine mbili utafanya kazi na kwenye ya tatu. Nikatia sahihi. Ningeifungua kwa dakika moja ningeona majina ya viongozi yamehama safu.

Kosa nililigundua tarehe 21 kutokana na karatasi aliyoichora mkataji. Nililirekebisha siku hiyohiyo bila kuwaambia. Kwa hiyo mlipofungua kompyuta mbele yake mliona kazi yangu, mkamwita yeye mwongo. Karatasi yake ni ya kweli, kila mstari.

Msiniamini kwa maneno. Toleo la zamani nimelirudisha, liko kwenye anwani niliyoiandika chini ya ukurasa huu. Lifungueni kwenye kompyuta ileile, mliweke karibu na ile karatasi. Kisha zitoeni zile suti tano kabatini. Mvalisheni Makamu koti la Mkuu, Profesa la Makamu, Daktari la Profesa, Mhandisi la Daktari, na Dereva mpeni la Mhandisi. Mtaona mkono wa aliyezikata.

Barua ya sifa msiiandike. Kile kiwanda kingine nimekiandikia mwenyewe leo, nikakieleza haya haya.

Mtaalamu,
mdogo wake Mkataji


Chumba cha kukatia,
tarehe 6 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ilisomwa hapa ndani, mbele ya washonaji walewale, na Msimamizi ndiye aliyeisoma. Kisha wakafanya ulivyosema. Makamu alivaa koti la Mkuu, likamkaa mpaka watu wakaguna. Profesa likamkaa. Daktari likamkaa. Mhandisi alifunga vifungo vyote bila kushusha pumzi. Dereva alipopewa la pili akauliza kama anaweza kubaki nayo yote mawili. Aliyebaki bila nguo ni Mkuu peke yake, maana kipimo chake hakuna aliyekikata, nilikiachia sanamu. Nimemkatia jana. Nilipompima upya hakuvuta tumbo, na mimi nikafunga mdomo, ingawa ulinisumbua.

Mkasi wamenirudishia. Msimamizi aliomba radhi kwa kunong'ona, nikamwambia alinishutumu kwa sauti kubwa. Akarudia kwa sauti kubwa.

Nasikia kile kiwanda kingine kimekukatalia. Pole. Nasema pole na siondoi neno lolote kati ya niliyokuandikia, wala hasira bado haijaisha, naivaa asubuhi naivua jioni. Umenichoma mdogo wangu. Mtu baki angenichoma ningejua dawa yake.

Sasa nikwambie nililokuficha, maana nami nilikuwa na langu. Kikaoni nilisema sikumbuki. Nakumbuka vizuri sana. Kompyuta hii nimeishonea kifuniko cha kitambaa kwa ajili ya vumbi, nacho nakibana kwa pini nne zenye vichwa vyekundu, moja kila pembe, zote zikitazama ndani. Hakuna mwingine anayezichoma hivyo. Siku ya makabidhiano nilitoka kwenda kupima mapazia ya ukumbi. Niliporudi ulikuwa umeondoka, na pini zangu nne zilikuwa palepale, hata moja haikugeuka. Ulipoandika kwamba umeijaribu mashine yangu, ile barua ya tarehe 8, nilijua unasema uongo kabla sijaikunja. Nilijua siku zote. Ningelisema kikaoni nisingesimamishwa hata saa moja. Lakini kila nilipofungua mdomo nikakuona una miaka tisa, una skrubu tatu mkononi, nikataka useme mwenyewe.

Umesema. Umechelewa siku nne, lakini umesema.

Mfumo wanautaka bado, ila Msimamizi amesema fomu mpya itasainiwa hapa hapa, mbele yangu, mashine moja baada ya nyingine. Njoo Jumatatu. Mama ameshaambiwa. Kompyuta nimeifunika, pini nne. Safari hii utazitoa wewe.

Dada yako,
Mkataji